Bei ya Boxer iliyotumika miaka minne hapa Tanga: nianzie wapi, na nimuuzie nani?

Mkazi wa Mikanjuni (mwuliza swali)

Ndugu zangu, salamu. Ninataka kuuza pikipiki, na kwa muda wa wiki mbili nilizohangaika nayo nimegundua kwamba kuinunua kulikuwa rahisi kuliko kuiuza. Ni Boxer BM 150 niliyoinunua mpya mwaka 2021 katika duka moja la Ngamiani kwa shilingi 2,550,000 pamoja na usajili. Miaka miwili na nusu ya mwanzo niliiendesha mwenyewe kwenda kazini Pongwe na kurudi. Baadaye nilihamishiwa kituo kilicho karibu na nyumbani, nikampa kijana mmoja wa kijiwe cha Mabanda ya Papa aifanyie biashara ya bodaboda, kwa makubaliano kwamba ataniletea hesabu ya shilingi 8,000 kila siku isipokuwa Jumapili, ambayo ni yake.

Sasa nina paa la kumalizia kabla ya mvua za masika, na fedha pekee iliyo karibu ni hiyo pikipiki. Tatizo ni kwamba kila ninayemwuliza ananitajia bei yake. Dalali mmoja aliiona imesimama tu, hata hakuinama kuitazama chini, akasema 1,300,000 na kwamba fedha anayo mfukoni. Jirani yangu aliuza ya aina hiyohiyo mwaka jana kwa 2,000,000. Kwenye matangazo ya mtandaoni ninaona watu wameandika 2,300,000 na hata zaidi. Na kijana ninayempa ameomba nimwachie kwa mkataba, alipe 9,000 kwa siku kwa mwaka mmoja, kisha iwe mali yake.

Hali yake ni hii, na ninaieleza bila kuficha. Injini haijafunguliwa tangu itoke dukani. Spidomita inaonyesha kilomita 31,000, lakini waya wake umekatika na sijui umekatika lini. Tairi la nyuma ni kipara, cheni inapiga kelele, taa zote zinawaka. Kadi iko kwa jina langu na bima ndogo imebakiza miezi minne. Kuna kutu upande wa nyuma, kwenye mkono wa fremu unaoshika gurudumu na chini ya keria, zaidi upande wa kushoto. Mbele ni safi kabisa. Watu wa pwani tumezoea kutu ya upepo wa bahari, kwa hiyo sikuishughulikia.

Naomba ushauri kuhusu bei ya kuanzia na bei ya kuishia, na kama ni busara kumwuzia kijana huyo au kumtafuta mtu mwenye fedha taslimu.

Jirani wa Duga

Kabla mafundi hawajafika, niseme jambo moja kuhusu matangazo ya mtandaoni. Bei unazoziona pale ni za pikipiki ambazo bado hazijauzwa. Iliyoandikwa 2,300,000 na ikakaa mwezi wa tatu inakueleza tu kiasi ambacho watu wamekikataa. Ukitaka bei ya kweli, tafuta watu watatu waliokwisha kuuza au kununua ndani ya miezi michache iliyopita, uwaulize fedha iliyoshikwa mkononi ilikuwa kiasi gani, wala si iliyotajwa mwanzoni. Bei ya jirani yako ni ya kweli, lakini ni ya mwaka jana, na hujatuambia tairi zake zilikuwaje.

Kuhusu dalali, usimkasirikie. Anahesabu faida yake, anahesabu siku ambazo pikipiki italala kwake, na anahesabu kwamba wewe una haraka. Sijui kama ulimtajia habari ya paa. Kama ulimtajia, basi hiyo 1,300,000 uliipanga wewe mwenyewe.

Fundi wa Barabara ya Nane

Mkazi, nimesoma maelezo yako mara mbili kwa sababu ya ile kutu, na nitarudi kwake. Tuanze na bei.

Watu wengi huanza na fedha waliyonunulia, wakaitoa kidogo kwa kila mwaka uliopita. Hesabu hiyo haina maana kwa mnunuzi, kwa sababu yeye halinganishi pikipiki yako na ile ya mwaka 2021. Analinganisha na mpya anayoweza kuipata leo. Wiki iliyopita duka ninalochukulia spea walinitajia 3,050,000 kwa BM 150 mpya pamoja na usajili. Hiyo ndiyo dari yako. Sasa sakafu: kati ya zile zilizopita mikononi mwangu mwaka huu, zenye umri kama wa yako na kadi safi, zilizouzwa zikiwa hazihitaji kitu zaidi ya oili, zimekwenda kati ya 1,850,000 na 2,050,000. Tuchukue 2,000,000 kuwa bei ya pikipiki ya miaka minne ambayo mnunuzi anaipanda na kuondoka nayo.

Yako si hiyo. Mnunuzi akiichukua leo, mwezi wa kwanza atanunua tairi la nyuma kwa shilingi 65,000 hivi, seti ya cheni na sproketi zake kwa 45,000, na waya wa spidomita kwa 7,000. Jumla ni 117,000. Ungedhani basi atakuomba punguzo la 117,000 na mkubaliane, lakini sivyo mambo yanavyokwenda. Akiona tairi kipara anaanza kujiuliza kama oili ilibadilishwa kwa wakati. Akisikia cheni inalia anajiuliza kuhusu klachi. Akiona spidomita imekufa anaamini umeikata makusudi. Kwa makosa hayo matatu atakukata 300,000, na hutakuwa na la kumjibu. Ndiyo maana ninakushauri uyatengeneze wewe hayo matatu kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Ni fedha inayorudi.

Kilomita zako usizitetee. Bodaboda anayezunguka mjini kutwa hakosi kilomita 80 kwa siku, na kwa siku 300 za mwaka hizo ni 24,000. Kijana wako ameishika mwaka mmoja na nusu, maana yake yeye peke yake ameiendesha si chini ya 36,000, ukiacha safari zako za Pongwe. Mtu mwenye akili atapiga hesabu hiyo mbele yako. Mwambie mapema kwamba waya ulikatika ikiwa 31,000 na kwamba imeenda zaidi. Hata hivyo mnunuzi mzoefu haangalii namba ile. Anaangalia mpira wa kukanyagia, pedali ya breki na ncha ya gea, kwa sababu mpira uliolika hadi chuma haurudishwi nyuma kwa bisibisi.

Kitakachokubeba ni injini. Kwa mnunuzi wa hapa, maneno «haijafunguliwa» yana uzito kuliko rangi na tairi vyote kwa pamoja, lakini lazima yathibitike. Siku anayokuja, usiipashe moto kabla. Mwache aiguse injini aone ni ya baridi, kisha aiwashe mwenyewe, kwanza kwa kiki na baadaye kwa stata. Ikiwaka kwa kiki ya kwanza au ya pili, na moshi usiwe wa bluu, umeshinda nusu ya mazungumzo. Muuzaji anayemkaribisha mteja huku pikipiki tayari inanguruma hutiliwa shaka, hata kama hana nia mbaya. Na chonde, usiipeleke kupulizwa rangi. Fremu yenye rangi mpya kwenye pikipiki ya miaka minne inamwambia mnunuzi kwamba ilianguka, na wewe utakuwa umelipa ili kuleta hiyo shaka.

Sasa ile kutu. Upepo wa bahari haubagui mbele na nyuma. Pikipiki inayolala nje kule Raskazone huanza kuoza ekzosi, spoku za magurudumu yote mawili na vichwa vya nati. Yako mbele ni safi, nyuma imeliwa, na zaidi upande mmoja. Hiyo si kutu ya upepo, ndugu yangu, ni maji ya samaki. Kuna kreti au ndoo inafungwa kwenye keria hiyo, barafu inayeyuka, na maji ya chumvi yanachuruzika upande ule pikipiki inaolalia ikisimama kwenye stendi ya pembeni, ambayo iko kushoto. Mwulize kijana wako alfajiri huwa anaanzia wapi kazi.

Bei yangu: tengeneza yale matatu, osha kutu kwa brashi ya waya na upake grisi bila kuificha, tangaza 1,950,000 na usishuke chini ya 1,800,000.

Mkazi wa Mikanjuni

Fundi, nimenyanyua mikono. Nimemwuliza jana jioni. Mwanzo alicheka, kisha akakiri kwamba tangu mwaka jana ana wateja wawili wachuuzi ambao huwachukulia samaki soko la Deep Sea saa kumi na moja alfajiri na kuwapeleka Makorora, kabla hajafika kijiweni. Fedha hiyo haikuwa ndani ya hesabu yetu. Sikumgombeza sana kwa sababu 8,000 yangu haijawahi kukosekana, lakini nimejifunza kwamba nilikuwa ninakodisha pikipiki mbili na kulipwa moja.

Nina swali la ziada. Namba ya chesisi pale kwenye shingo ya fremu haisomeki vizuri kwa uchafu. Niipige msasa?

Fundi wa Barabara ya Nane

Hapana, hapana, hapana. Tia mafuta ya taa kwenye kitambaa, usugue taratibu kwa mswaki mkuukuu hadi herufi zitokee. Ukipitisha msasa pale utaacha mng'aro ambao afisa wa ukaguzi akiuona atadhani namba imechezewa, na pikipiki halali itageuka kuwa ya kujieleza polisi. Fanya hivyohivyo kwa namba ya injini, kisha zilinganishe zote mbili na kadi, herufi kwa herufi.

Mama wa Chumbageni

Naomba niingilie upande wa karatasi, kwa sababu mengine yamesemwa vizuri na upande huu ndio ulioniumiza mimi.

Niliwahi kuuza pikipiki kwa mtu aliyetoka nje ya mji. Tuliandikiana karatasi ya daftari, akanilipa yote, nikampa kadi halisi, akaniahidi kwamba akifika kwao atakwenda kubadilisha jina. Sikufuatilia, kwani nilikuwa nimeshapata changu. Baada ya miezi minane nilipigiwa simu kutoka kituo kimoja cha polisi cha mkoa mwingine: pikipiki imemgonga mtoto, dereva amekimbia, na mmiliki kwa mujibu wa kumbukumbu ni mimi. Nilisafiri mara tatu. Kilichoniokoa ni ile karatasi ya daftari, iliyokuwa na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa na tarehe. Bila hiyo sijui ningeeleza nini. Simu ya mnunuzi ilikuwa haipatikani tangu mwezi wa pili.

Kwa hiyo, ndugu Mkazi, bei yoyote utakayoipata, usikabidhi kadi na kurudi nyumbani. Andikeni mkataba wa mauziano kwa wakili, wenye majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, namba ya usajili, namba za chesisi na injini, bei, tarehe na hata saa ya makabidhiano. Saa ina maana yake: ajali ya saa tisa alasiri si yako kama uliikabidhi saa nne asubuhi. Kisha nendeni pamoja TRA mkiwa na mkataba huo, kadi halisi, nakala za vitambulisho, picha ndogo na namba za mlipakodi za nyote wawili. Kuna ada ya kuhamisha umiliki, ada ya kadi mpya, na ushuru wa stempu ambao ni asilimia moja ya thamani. Kwa 1,800,000 ushuru huo ni 18,000 tu, na bado utasikia watu wakikushauri muandike bei ya uongo kwenye mkataba ili muupunguze. Usikubali. Siku mtakapogombana, mkataba utasema ulipokea 700,000, na hakimu atausoma kama ulivyoandikwa.

Kubalianeni mapema ni nani analipa gharama hizo. Desturi ni mnunuzi, lakini nimeona mauzo yakivunjika kwenye ngazi za ofisi kwa sababu ya jambo hilo ambalo halikusemwa.

Halafu angalia madeni ya trafiki kabla mnunuzi hajakuangalizia. Ni kuingiza namba ya usajili tu kwenye mfumo wa polisi. Kijana amekuwa nayo mwaka mmoja na nusu mjini. Ingawa faini za pikipiki zilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa katika bajeti ya mwaka 2021/22, makosa sita ni 60,000, na deni linasoma kwenye chombo, halisomi kwenye jina la dereva.

Bosi Mstaafu, Kange

Nimekuwa na pikipiki tano za mkataba, na sasa sina hata moja, kwa hiyo nipokee kwa kiasi hicho.

Hesabu ya kijana wako kwenye karatasi inapendeza. Elfu tisa kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 52, ni 2,808,000. Hakuna mnunuzi wa taslimu atakayekupa hiyo kwa pikipiki ya miaka minne. Lakini mwaka wa mkataba hauna siku 312. Kuna masika, ambapo abiria wa Tanga wanabaki majumbani. Kuna Ramadhani, ambapo mchana kijiwe kinalala na kazi inahamia usiku. Kuna msiba wa shangazi, kuna siku pikipiki ipo kwa fundi, na kuna wiki ambayo simu inaita bila kupokewa. Kati ya zangu tano, mbili zilimalizika, na zilichukua miezi kumi na sita badala ya kumi na miwili. Moja iligongwa na lori. Moja ilirudishwa ikiwa na injini ya kupimia kwa kilo. Ya tano hadi leo sijaiona.

Tena, kwa pikipiki iliyokwisha kutumika jambo ni gumu zaidi kuliko kwa mpya. Ikimfia ringi za pistoni mwezi wa saba, nani analipa? Yeye ataona bado ni yako kwa sababu kadi ni yako, na wewe utaona ni yake kwa sababu ndiye anayeinunua. Muda wote huo kila kosa barabarani linasoma kwako.

Hata hivyo sitaki kumvunjia kijana huyo heshima. Mtu aliyeleta 8,000 kila siku kwa mwaka mmoja na nusu si wa kawaida, na samaki wale nisingemhesabia kuwa ni wizi. Ni mtu aliyetafuta kazi ya ziada alfajiri wakati wewe umelala. Kama paa lingekuwa linasubiri, ningesema mpe. Paa lako halisubiri. Ila mpe nafasi ya kwanza kwa fedha taslimu: mwambie bei, mpe wiki mbili. Wapo wachuuzi anaowabebea, wapo wenzake wa kijiweni wenye mchezo wa upatu. Asipoweza, uza kwa moyo mweupe.

Na kama hatapatikana mtu mjini, tazama Muheza. Wakati wa msimu wa machungwa watu wa kule wana fedha na wanahitaji pikipiki ya kubeba magunia kutoka shambani, na hawajali sana kutu ya nyuma. Wanachojali ni shokapu na klachi.

Jirani wa Duga

Naongeza kuhusu siku yenyewe ya kuuza. Mtu akitaka kuijaribu, aache fedha yote mezani au umpakie nyuma yako. Kitambulisho peke yake si dhamana, kwani kinaweza kuwa si chake. Malipo yafanyike ndani ya benki ikiwezekana, mahali ambapo noti zinapitishwa kwenye mashine. Akilipa kwa simu, usiamini ujumbe ulioingia. Fungua salio lako mwenyewe uone kwamba limeongezeka.

Mkazi wa Mikanjuni

Narudi baada ya wiki tano, kwa kuwa niliona si vizuri kuchota ushauri na kunyamaza.

Nilitengeneza yale matatu, yakanigharimu 121,000 badala ya 117,000. Madeni ya trafiki yalikuwa manne, na kijana aliyalipa mwenyewe bila kusukumwa. Nilimpa wiki mbili kama Bosi alivyosema. Alifikisha 1,100,000, akaniomba nyingine imalizikie kwa mkataba. Nilifikiri usiku mzima, kisha nikakataa.

Niliyemwuzia ni mkulima kutoka Muheza, aliyekuja na fundi wake. Fundi huyo aligusa injini kabla hata hajanisalimia. Iliwaka kwa kiki ya pili. Alipofika kwenye kutu nilimweleza habari ya samaki kabla hajauliza, akaguna tu, akapiga magoti kugonga fremu kwa spana kusikiliza kama imeoza ndani, akaridhika. Nilianza na 1,950,000, akaanza na 1,600,000, tukafungia 1,840,000, gharama za TRA zikawa zake. Mkataba umeandikwa kwa bei hiyohiyo, na saa ya makabidhiano ni saa tano na robo asubuhi. Kadi mpya imeshatoka kwa jina lake.

Kijana ameajiriwa na mmoja wa wale wachuuzi wa samaki, kwa pikipiki nyingine. Nimemshauri aweke turubai chini ya kreti. Mimi nimebaki na kofia ngumu mbili ambazo mkulima hakuzitaka. Moja haijawahi kuvaliwa. Atakayezihitaji zipo, bei maelewano.